Silikoni Ing'aayo Mwilini
Mwanafunzi aokotaye jiwe la Mlima Meru ameshika silikoni iliyoungana na oksijeni. Silikoni safi karibu haitoi mwanga. Lakini mwaka 1990 Leigh Canham, Mwingereza, alionyesha kwamba ikitobolewa vitundu vidogo mno hung'aa nyekundu.

Mwaka 2009 wataalamu wa San Diego, Marekani, waliwadunga panya wenye saratani chembe za silikoni hiyo, na uvimbe ukaonekana kwa mwanga wake. Chembe hizo zaweza pia kubeba dawa. Lililo bora, kwa maoni yangu, ni kwamba huyeyuka zikatoka kwa mkojo; zile za kadimi huweza kuacha sumu.

Panya, hata hivyo, ni mwembamba. Kwa mgonjwa wa Hospitali ya Mount Meru mwenye uvimbe ndani ya ini, mwanga huo ungefifia kabla ya kufika kwenye ngozi.