Rangi mpya huua bei ya baiskeli ya kale

BAISKELI kuukuu ya Phoenix au Raleigh inayoshika kutu nyuma ya nyumba mara nyingi huishia kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nchini Marekani wako watu wanaofanya kinyume chake. Huitoa ghalani baiskeli yenye miaka 70, wakashinda nayo jioni baada ya jioni hadi itembee tena.

Wanazozitafuta ni baiskeli za kruza: gia moja, usukani mpana, matairi manene na breki ya kurudisha pedali nyuma. Ni nzito, nyingi huzidi kilo 20, na hazikutengenezwa kwa ajili ya kubeba magunia. Zililengwa kwa watoto waliotamani pikipiki. Ndiyo maana nyingi zina tangi la bati katikati ya fremu, lisiloingia hata tone la mafuta. Ndani yake mna honi na betri tu.

Jina kubwa ni Schwinn, kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1895. Mwaka 1933, uchumi wa nchi hiyo ukiwa umeanguka, ilileta sokoni baiskeli ya tairi nene la inchi 2.125 lenye mpira wa ndani. Kabla ya hapo baiskeli nyingi za huko zilitumia tairi la kugundishwa kwenye rimu, ambalo likitoboka ilikuwa taabu kuliziba. Mwaka 1934 ikaja Aerocycle yenye tangi lililoiga umbo la ndege. Kuanzia 1949 hadi 1959 ikauzwa Black Phantom, yenye taa juu ya digadi na springi kwenye uma wa mbele.

Anayeanza kazi hii hukosea kwenye rangi. Akiona kutu, hukimbilia msasa, akapuliza rangi mpya inayong'aa, kisha hushangaa wateja wakimpa bei ndogo kuliko ya jirani aliyeiacha yake na michubuko. Wakusanyaji wengi huthamini rangi ya kiwandani na michoro yake, hata ikiwa imefifia, kwa kuwa ikishakwanguliwa hairudi. Kupaka upya kunafaa pale ambapo rangi ya kwanza imekwisha kabisa.

Kwa hiyo mafundi makini huanza na sabuni na maji. Sehemu zenye kromu husuguliwa kwa karatasi ya aluminiamu iliyoloweshwa maji, nayo hutoa kutu ya juu bila kukwaruza sana. Fremu au digadi huweza kulowekwa kwenye maji yenye asidi ya oksaliki, ambayo hula kutu. Asidi hiyo ni sumu. Hutumiwa kwa glavu, mahali penye hewa, na hujaribiwa kwanza sehemu ndogo isiyoonekana. Vitovu vya magurudumu hufunguliwa, gololi zilizolika hubadilishwa na grisi mpya hupakwa, kama afanyavyo fundi yeyote chini ya mwembe.

Je, kuna faida? Kwa wengi, hapana. Gharama ya matairi, kupaka kromu upya na vipuri vilivyopotea huweza kuipita bei ya kuiuzia. Anayepata fedha mara nyingi ni muuza vipuri. Matangi, taa na keria ndivyo watoto walivyovifungua na kuvitupa, kwa hiyo ndivyo adimu. Baiskeli iliyofumuliwa huweza kuleta fedha nyingi kuliko ikiwa nzima, jambo linalowaudhi wanaotaka kuziokoa.

Nyingine ziliishia mlimani. Katikati ya miaka ya 1970, vijana wa Marin, kaskazini ya San Francisco, walinunua fremu za zamani za Schwinn Excelsior kwa bei ya kutupa, wakateremka nazo njia za vumbi. Breki zilipata moto hadi grisi ikafuka moshi, ikabidi vitovu vipakwe grisi upya. Mashindano yao ya mwaka 1976 yakapata jina la Repack kwa sababu hiyo. Ukatili kwa baiskeli za kale, lakini hapo ndipo ilipochipukia baiskeli ya milimani, iliyorithi tairi lile lile la inchi 26.

Kutokana na urithi huo, matairi ya kruza za kale yanapatikana hadi leo. Mtego uko kwenye namba. Schwinn nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hutumia tairi la 26 x 1 3/4, na dukani kuna la 26 x 1.75. Kwa hesabu ni sawa, lakini rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 571 na ya pili 559. Mnunuzi anapaswa kutafuta namba 571 ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa.