Mzee wa Kayanga anamuuliza nani?

Mzee anayeishi Kayanga, Omurushaka au Nkwenda akianza kusikia kichwa kinagonga, huenda kwanza duka la dawa muhimu. Pale hakuna foleni, anafahamika kwa jina, na shida yake anaieleza kwa Kinyambo bila kuharakishwa. Akitoka hapo atamuuliza jirani, kisha mjukuu mwenye simu. Hospitali, iwe Nyakahanga upande wa Karagwe au Isingiro upande wa Kyerwa, mara nyingi hufikiwa hali ikishakuwa mbaya.

Njia hiyo ina mantiki yake. Kinachonisikitisha ni kwamba elimu yetu ya afya haiifuati.

Chukua presha. Kwa kawaida haiumi. Mtu anaweza kupimwa akakutwa na 170 kwa 100, naye asubuhi hiyo katoka kupalilia migomba. Kwa hiyo aliyeanza na kichwa kinachogonga humeza vidonge mpaka kitulie, akajiona kapona, akaacha. Vilivyobaki humgawia jirani mwenye dalili kama zake. Bahasha ya dawa imeandikwa "1×1", yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku. Haisemi vikiisha afanye nini, wala haisemi kwamba dawa hii huendelea kunywewa hata mtu akijisikia mzima, kwa sababu presha iliyoachwa huleta kiharusi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60 na kuzungumzia matibabu bure kwa asiyejiweza. Ni jambo jema sana, ila dawa ya bure isiyoeleweka huishia juu ya kabati. Redio nazo zinasaidia, na simu ya 199 ya Wizara ya Afya hailipiwi. Lakini redio haijui kama anayeisikiliza ana kisukari pia, na 199 humfaa mwenye mtu wa kumsaidia kupiga.

Mtu huyo mara nyingi ni mjukuu. Huku kwetu Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa mwaka 1983, na bibi wengi wa huku walilea watoto walioachwa na wana wao waliofariki. Leo mjukuu ndiye anayewasomea bahasha, lakini hospitalini mara nyingi huambiwa asubiri nje.

Aitwe ndani. Muuguzi awaeleze wote wawili, kisha amwombe mzee arudie kwa Kinyambo alichoelewa. Akikosea, anasahihishwa palepale, dawa ikiwa bado mkononi.