Hewa nayo ni mpinzani

Oktoba 12, 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42 na ushei za marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wengi walivisifia viatu vyake. Mimi niliwakodolea macho zaidi wadhibiti kasi saba waliomzunguka.

Watano walitangulia kwa umbo la V, mdomo wake ukielekea mbele, na wawili wakafuata nyuma yake. Kazi ya wale wa mbele inaeleweka: kupasua hewa. Wa nyuma je? Mwili unapopita kwa kasi, hewa haiwahi kujaza nafasi iliyoachwa mgongoni. Shinikizo la pale huwa dogo kuliko la kifuani, na tofauti hiyo ndiyo humrudisha mkimbiaji nyuma. Akiwapo mtu karibu mgongoni, tofauti hupungua.

Kwa mwendo ule, takriban kilomita 21 kwa saa, mkimbiaji aliye peke yake husukumwa na hewa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja. Ni kidogo, ila ni kwa saa mbili mfululizo. Tena kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Kwa sababu hiyo, katika mbio za mita 100 upepo wa mgongoni ukizidi mita 2 kwa sekunde, rekodi haihesabiwi.

Msuguano, kwa upande wake, hulaumiwa bure. Kiatu husukuma ardhi nyuma, ardhi nayo humsukuma mkimbiaji mbele. Pasipo msuguano angeteleza palepale. Wakimbiaji wa mbio fupi huvaa viatu vyenye misumari ili waupate zaidi.

Muda wa Vienna haukutambuliwa kuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa wadhibiti kasi 41 walipokezana njiani. Ni haki kabisa, maana sehemu ya ushindi ule ilikuwa yao.

Nawe unayekimbia taratibu jioni, kilomita 10 kwa saa, usidhani haya hayakuhusu. Ukikabiliana na upepo wa kilomita 11 kwa saa, kifua chako kinapokea hewa kwa kasi ileile aliyoikabili Kipchoge siku tulivu. Jibanze nyuma ya mwenzako, kisha mpokee zamu.