Kukinga Si Kuzuia

"Nilichanjwa mara tatu na bado nikaugua korona, chanjo hiyo ilinikinga na nini?" Swali hili husikika katika vyumba vya walimu, na aghalabu huulizwa kwa kebehi. Mwanaisimu hana mamlaka ya kuingilia kazi ya daktari, lakini anayo haki ya kuuliza neno 'kinga' limebebeshwa mzigo gani.

Kukinga ni kuweka kitu kati ya mtu na kile kinachomjia. Hata anayekinga maji ya mvua kwa karai hatarajii kwamba hakuna tone litakaloanguka nje. Kuzuia ni jambo jingine kabisa. Tuliyatumia maneno hayo mawili kana kwamba ni pacha, na sasa tunailaumu chanjo kwa ila ya lugha yetu.

Tuzitazame takwimu. Nchini Israeli, dozi ya tatu ilianza kutolewa mwishoni mwa Julai 2021 kwa watu wa miaka 60 na zaidi. Watafiti walichunguza kumbukumbu za watu zaidi ya milioni moja wa umri huo. Miongoni mwa waliopata nyongeza, maambukizi yalikuwa machache takriban mara 11 kuliko miongoni mwa waliokomea dozi mbili. Ugonjwa mkali ulipungua kwa zaidi ya mara 19. Hizo zilikuwa siku za Delta. Omicron ilipozuka Novemba 2021, maambukizi yaliwapata wengi waliochanjwa. Hata hivyo, nchini Marekani, kinga dhidi ya kulazwa hospitalini ilikadiriwa kuwa asilimia 91 katika miezi miwili ya kwanza baada ya dozi ya tatu, ikateremka hadi 78 kufikia mwezi wa nne.

Hapa walimu wa hisabati wangetufaa. Asilimia 91 haimaanishi kuwa 9 kati ya kila 100 waliochanjwa watalazwa. Maana yake ni kwamba mahali ambapo wangelazwa wasiochanjwa 100, katika kundi lililochanjwa la ukubwa uleule wangelazwa 9.

Kwa nini basi mtu aambukizwe lakini asilazwe? Kingamwili zinazokilaki kirusi puani na kooni hupungua baada ya miezi kadhaa. Chembe za mwili zenye kumbukumbu hudumu zaidi, ila huhitaji siku chache kuamka. Mafua yamekwisha kuanza, lakini mapafu huokolewa.

Machi 2023, Shirika la Afya Duniani liliwapa wazee, wajawazito, wenye maradhi sugu na wahudumu wa afya kipaumbele cha nyongeza. Vijana wenye afya njema hawakuwekwa mbele. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu na nyanya yake wanapouliza iwapo nyongeza inafaa, hawaulizi swali moja. Kijana anauliza juu ya homa ya siku chache. Nyanya anauliza juu ya kitanda cha hospitali na mtungi wa oksijeni.