Lahaja na Hadhi ya Msimulizi katika Kazi za Zora Neale Hurston

Zora Neale Hurston alizaliwa mwaka 1891 huko Notasulga, Alabama, akakulia Eatonville, Florida, mji uliotawaliwa na Wamarekani Weusi wenyewe. Alisomea anthropolojia katika Chuo cha Barnard, New York, akifundishwa na Franz Boas, kisha akarudi Kusini kukusanya fasihi simulizi, kazi iliyozaa Mules and Men (1935).

Mchango wake mkubwa unahusu lugha. Katika riwaya ya Their Eyes Were Watching God (1937), msimulizi hutumia Kiingereza sanifu chenye sitiari nyingi, ilhali wahusika husema kwa lahaja yao. Hata hivyo, mpaka huo si imara: usemi wa Janie hupenya katika sauti ya msimulizi, hivyo lahaja ikabeba tafakuri, si vichekesho tu. Richard Wright aliishutumu riwaya hiyo mwaka uleule, akidai kuwa inaendeleza mizaha ya kuwachekesha Wazungu.

Msimamo huo ulimgharimu Hurston. Barracoon, kitabu kuhusu Cudjo Lewis, aliyetekwa Afrika Magharibi na kufikishwa Alabama kwa meli ya Clotilda mwaka 1860, kilikamilika mwaka 1931. Mchapishaji alitaka lahaja iondolewe, Hurston akakataa. Kilichapishwa mwaka 2018, miaka 58 baada ya kifo chake. Kusanifisha usemi wa Lewis kungehifadhi matukio, lakini kungemwondoa aliyeyashuhudia.