Wote na Mwingi: Masasisho ya Mitambo ya Utafutaji na Sarufi ya Kiswahili

Makala hii inanuia kueleza namna mabadiliko yanayofanyiwa mitambo ya utafutaji katika intaneti yanavyoathiri mpangilio wa matokeo, hususan mtu anapouliza kwa Kiswahili. Mifano yetu imetoka katika kaunti mbili za Ukambani, kwa sababu ambayo mwanafunzi wa sarufi ataitambua mara moja. Makao makuu ya Kaunti ya Makueni ni mji wa Wote. Katika Kaunti ya Kitui, kwenye barabara ya kutoka Thika kwenda Garissa, upo mji wa Mwingi. Majina haya yana umbo lile lile la vivumishi -ote na -ingi vinapochukua viambishi vya ngeli. Msomaji hutanzua utata huo bila hata kufikiri. Mashine haina wepesi huo.

Yafaa tuanze na utendakazi wa mtambo wenyewe. Google, iliyoasisiwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, haizunguki duniani kila tunapouliza swali. Programu zake huwa zimekwisha kuzipitia kurasa na kuziweka katika faharasa. Swali linapofika, algoriti huchagua na kupanga. Vigezo ni vingi: maneno yaliyomo, viungo vinavyoelekeza kwenye ukurasa, mahali alipo mwulizaji, upya wa habari. Sasisho ni badiliko la algoriti hiyo. Madogo hufanywa kila mara, na makubwa hutangazwa mara chache kwa mwaka. Ndiyo maana ukurasa huweza kushuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya ishirini ilhali mwenyewe hajaugusa hata mkato. Ni kama karatasi ile ile ya mtihani kusahihishwa upya kwa mwongozo mwingine.

Katika miaka ya mwanzo, uzito mkubwa uliwekwa katika ulinganifu wa maneno na wingi wa viungo. Tuchukue mtu anayeandika "hospitali wote" akikusudia hospitali iliyoko mjini Wote. Google haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika swali, hivyo jina la mji na kivumishi huwa kitu kimoja. Ukurasa wa shirika kubwa unaozungumzia afya kwa watu wote, wenye viungo maelfu, ungeweza kuupita kwa urahisi ukurasa mdogo unaotaja hospitali ya rufaa ya Makueni. (Kwa sadfa, Makueni ndiyo kaunti iliyoanzisha mwaka 2016 mpango wa MakueniCare wa kuwapa wakazi matibabu kwa ada ya shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka. Afya kwa wote, huko Wote! Hapo hata binadamu angehitaji kusoma mara mbili.)

Badiliko lililogusa jambo hili moja kwa moja ni lile la mwaka 2019. Mwezi Oktoba Google ilianza kutumia mfumo uitwao BERT katika utafutaji wa Kiingereza, na kufikia Desemba ikaueneza katika lugha zaidi ya sabini, Kiswahili kikiwemo. Mfumo huu hutazama neno pamoja na maneno yaliyo kabla na baada yake. Kwa kanuni, basi, upatanisho wa kisarufi unakuwa ushahidi. Asali iko katika ngeli ya I-ZI, hivyo ikiwa tele husemwa "asali nyingi". Anayeandika "asali Mwingi" hawezi kuwa anataja wingi. Anautafuta mji, na mji huo unajulikana kwa asali. Vivyo hivyo, "wanafunzi wote" si "wanafunzi wa Wote": silabi moja ya kihusishi inageuza swali zima. Lakini "mchele mwingi" unabaki na utata, maana hapo upatanisho umekubali.

Kuna kikwazo kingine, nacho kinatuhusu sisi wenyewe. Mfumo wa aina hii hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na maandishi mengi ya Kenya bara hayazingatii ngeli. Anayezoea "pesa mingi" na "kazi mingi" anaidhoofisha ile alama ambayo mashine ingeitegemea.

Masasisho mengine yalilenga ubora. Lile la Panda la Februari 2011 lilishusha kurasa zenye maudhui hafifu. La Aprili 2015 lilizipendelea zinazosomeka vyema kwenye simu, jambo kubwa kwetu ambako simu ndiyo kompyuta ya wengi. La Machi 2024 liliziandama kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kuhadaa mitambo. Ni hatua za kupongezwa. Hata hivyo, athari haziwi sawa katika lugha zote. Kurasa tano za Kiingereza zikishushwa, mia nyingine zipo nyuma yake. Za Kiswahili kuhusu jambo la Mwingi zikishushwa, huenda kinachopanda ni cha lugha nyingine, au kisichohusiana kabisa.

Hali hii inaonekana wazi katika msamiati wa kilimo. Mkulima wa Kitui huuliza bei ya ndengu. Mwandishi wa Tanzania huliita zao hilo hilo choroko, na kamusi zina pojo pia. Mtambo unaolinganisha herufi tu utayaona kuwa mazao matatu. Unaotafuta maana unaweza kuyaunganisha, lakini herufi moja ikidondoka, ndengu inakuwa dengu, ambalo ni zao jingine kabisa. Anayeandika ukurasa kuhusu zao hili ana njia rahisi: ayataje majina yote matatu katika aya ya kwanza, kisha aandike "mjini Mwingi, Kaunti ya Kitui", badala ya "Mwingi" peke yake.