Mpako wa Wagonjwa: padre akija siyo kwamba umeshakufa

Jamani, leo niseme kitu kinachonikereketa. Baba yangu mkubwa alipolazwa, siku ya tatu aliomba aitiwe padre. Mama mkubwa akakataa katakata: "Unataka kutuchuria?" Sisi vijana tukanyamaza kimya. Usiku wa siku ya tano mzee akakata roho. Padre alifika asubuhi, akasali, lakini hakupaka mafuta, maana sakramenti ni za walio hai. Mpaka leo mama mkubwa jambo hilo linamuuma.

Tatizo ni lile jina la "mpako wa mwisho". Kweli, kwa karne nyingi padre aliitwa mtu akiwa hoi kabisa. Lakini mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema jina linalofaa zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na kwamba siyo wa wanaokata roho tu. Mwaka 1972 Papa Paulo VI akatoa utaratibu mpya: badala ya kupaka macho, masikio, pua, midomo, mikono na miguu, sasa hupakwa paji la uso na mikono.

Soma Waraka wa Yakobo 5:14-15. Utaona mgonjwa mwenyewe ndiye anayeita wazee wa Kanisa waje wamwombee na kumpaka mafuta. Maiti haiiti mtu!

Sasa nani anapakwa? Mwenye ugonjwa mzito, anayekwenda kufanyiwa operesheni kwa sababu ya ugonjwa huo, na mzee aliyeishiwa nguvu. Mafua tu, hapana. Aliyepoteza fahamu naye anapakwa, kama angeiomba akiwa na fahamu. Ukipona ukaugua tena, unapakwa tena.

Anayepaka ni padre au askofu peke yake. Katekista anaweza kuja kusali nanyi, ila kupaka hawezi. Mafuta ni ya mzeituni au ya mimea mingine, na kwa kawaida hubarikiwa na askofu kwenye Misa ya Krisma, Juma Kuu.

Na siyo mbadala wa dawa, msije mkaacha dozi! Kanisa linafundisha kwamba mgonjwa hupata nguvu na amani, husamehewa dhambi kama hakuweza kuungama, na hupona mwili ikiwa inafaa kwa wokovu wake. Sakramenti ya mwisho hasa ni Ekaristi anayopewa anayekaribia kufa, kama chakula cha safari.

Mama yangu alipopangiwa operesheni, padre nilimpigia mwenyewe. Majirani wakaanza kunong'ona. Mama alipona. Sisemi ni mafuta, madaktari walifanya kazi yao. Ila aliingia chumba cha upasuaji bila kutetemeka, na mimi niliona.

Je, kwenu padre huwa anaitwa lini? Tuambieni hapo chini.